Mkazo wa Spoki katika Gurudumu la Baiskeli

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba kani ni kusukuma au kuvuta. Ulisukuma dawati, ukavuta kamba, ukaona kwamba kani huweza kukiendesha kitu, kukisimamisha au kukibadili umbo. Katika somo hili utachunguza kitu ambacho huvutwa kutoka pande zote kwa wakati mmoja, mchana na usiku, na bado hubaki na umbo lake. Kitu hicho ni ringi ya gurudumu la baiskeli.

Pengine nyumbani kwenu iko baiskeli. Kama haiko, bila shaka umeiona kwa jirani au njiani. Katika vijiji vingi vya Shinyanga, Tabora na Kigoma baiskeli hubeba gunia la mahindi hadi mashineni, madumu ya maji kutoka kisimani, na hata mgonjwa hadi zahanati. Mzigo wote huo, pamoja na mpandaji mwenyewe, hulemea magurudumu mawili tu. Nayo magurudumu yenyewe yamesimamishwa kwa spoki, yaani vipande vya waya vyenye unene wa milimita 2 hivi. Je, waya mwembamba namna hiyo huwezaje kubeba gunia la kilo 100? Na kwa nini magurudumu mengine huvunjika njiani, mbali na kijiji, na mengine hudumu kwa miaka?

Sehemu za gurudumu

Mwombe mwalimu wako baiskeli ipatikane shuleni. Igeuzeni juu chini ili isimame kwa kiti na usukani, kisha mtazame gurudumu moja kwa makini.

Katikati kiko kitovu, ambacho mafundi hukiita habu. Ndani ya habu umepita mhimili, na kati ya mhimili na habu zimo gololi ili gurudumu lizunguke kwa wepesi. Habu ina visahani viwili vyenye matundu, kimoja kushoto na kimoja kulia. Ukingo wa nje wa gurudumu, unaoshika tairi, ni ringi. Spoki hutoka katika visahani vya habu hadi kwenye ringi. Mwisho mmoja wa spoki umepindwa kama shingo na una kichwa kidogo kinachoizuia isichomoke katika habu. Mwisho mwingine una hesi, yaani mistari kama ya skrubu, nao umeingia katika nati ndogo iliyokaa kwenye tundu la ringi. Nati hiyo ndogo ndiyo itakayotushughulisha zaidi katika somo hili.

Hesabu spoki. Baiskeli nyingi za mizigo za mtindo wa Kiingereza zina spoki 32 gurudumu la mbele na 40 gurudumu la nyuma, kwa sababu nyuma ndiko mzigo mkubwa ulipo. Nyingine zina spoki 36 kila gurudumu. Andika katika daftari lako hesabu uliyoipata wewe.

Sasa fuata spoki moja kwa kidole kutoka kwenye ringi. Utafika kwenye kisahani cha kushoto au cha kulia? Fuata inayofuata. Utaona kwamba spoki hupokezana: hii huenda kushoto, jirani yake huenda kulia, na hivyo hivyo mpaka unarudi ulipoanza. Likumbuke jambo hilo, maana tutalihitaji mbele.

Waya husukuma au huvuta?

Jaribio la 1. Tafuta kwa fundi baiskeli spoki kuukuu iliyonyooka. Isimamishe mezani, kisha bonyeza ncha ya juu polepole kwa kiganja kilichofunikwa kitambaa kizito. Usitie nguvu nyingi wala usiinamishe uso karibu, kwa kuwa waya ukiteleza waweza kudhuru jicho. Utaona nini? Spoki hupinda upesi kama upinde, hata kwa nguvu ndogo ya mkono mmoja.

Sasa zungushieni kitambaa ncha zote mbili, mmoja wenu ashike huku na mwingine kule, mvutane. Vuteni kwa nguvu zenu zote. Spoki haipindi, wala hamwezi kuona kwamba imerefuka.

Kwa hiyo spoki ni dhaifu sana inaposukumwa na ni imara sana inapovutwa. Gurudumu la baiskeli limetumia nguvu hiyo ya pili.

Magurudumu ya mbao ya mikokoteni ya zamani hayakuwa hivyo. Spoki zake zilikuwa nguzo nene za mti. Kitovu kilisimama juu ya nguzo iliyokuwa chini, kama paa lisimamavyo juu ya nguzo za nyumba. Gurudumu hilo lilikuwa imara lakini zito. Mwaka 1808 Mwingereza George Cayley, aliyekuwa akitafuta gurudumu jepesi la chombo cha kuruka angani, alifikiri kwamba nguzo zote zingeweza kuondolewa na mahali pake zikawekwa nyuzi zilizokazwa. Mwaka 1869 Eugène Meyer wa Paris alipata hataza ya gurudumu la baiskeli lenye spoki za waya, na mwaka uliofuata James Starley na William Hillman wa mji wa Coventry, Uingereza, walipata hataza ya baiskeli yenye magurudumu ya spoki za waya zinazokazwa. Mwaka 1874 Starley akaongeza jambo jingine: spoki zisitoke katika habu moja kwa moja kama miali ya jua, bali ziende kwa mshazari na kupishana, ili habu inapozungushwa isiache ringi nyuma. Tazama tena gurudumu la nyuma lililo mbele yako. Spoki zake hupishana. Fundi wa kijijini kwenu anaposuka gurudumu leo, hulisuka kwa namna hiyohiyo.

Maana ya mkazo

Funga kamba kwenye mti, kisha uivute. Kamba hunyooka na kuwa ngumu. Mvuto ulio ndani ya kamba au waya uliovutwa pande zote mbili huitwa mkazo. Ukivuta kidogo, mkazo ni mdogo. Ukivuta sana, mkazo ni mkubwa. Ukiiachilia kamba ikalegea, haina mkazo wowote.

Spoki huvutwa na nani? Upande mmoja huvutwa na habu, na upande wa pili huvutwa na ringi kwa njia ya ile nati ndogo. Fundi anapozungusha nati ili ipande kwenye hesi, ni kama kwamba anaifupisha spoki. Spoki haitaki kurefuka, nayo ringi haitaki kuvutwa ndani, kwa hiyo mkazo huongezeka. Mzunguko mmoja mzima wa nati huisogeza kwa kiasi kinachopungua kidogo nusu milimita. Waona, basi, kwa nini mafundi wazuri huzungusha robo tu kwa mara moja.

Katika gurudumu lililosukwa vizuri mkazo wa spoki moja si mdogo hata kidogo. Waweza kulingana na uzito wa kilo 60, au 80, na katika magurudumu mengine hata 100. Tufanye hesabu. Ikiwa gurudumu lina spoki 40, na kila spoki huvuta ringi kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 70:

40 × 70 = 2,800

Ukizijumlisha kani zote zinazoivuta ringi kuelekea ndani, zalingana na uzito wa kilo 2,800, yaani karibu tani tatu! Hata baiskeli ikiwa imeegemezwa ukutani, bila mtu wala mzigo, kani hizo zipo. Ringi haiendi upande wowote kwa sababu kila spoki inayoivuta huku ina nyingine zinazoivuta kule. Umepata kuona mchezo wa kuvuta kamba ambao timu zote mbili zina nguvu sawa? Wachezaji hutokwa jasho, lakini kitambaa kilicho katikati ya kamba hakisogei. Gurudumu ni mchezo wa namna hiyo wenye timu 40, na kitambaa cha katikati ni habu.

Jaribio la 2. Chukua pete ya ungo mkuukuu, au pinda ufito mbichi uwe duara na ufunge ncha zake. Weka kipande kifupi cha mti katikati. Funga nyuzi nane kutoka kwenye kipande hicho hadi kwenye pete, kwa nafasi zilizo sawa. Nyuzi zikiwa zimelegea, kipande cha mti huning'inia chini na pete hubonyea ovyo. Zikaze zote kidogo kidogo, kwa zamu. Kipande cha mti hupanda kikasimama katikati, na pete huwa ngumu. Sasa kaza uzi mmoja tu kupita kiasi. Je, pete imebaki duara? Ichore katika daftari lako kama unavyoiona.

Spoki zinazoimba

Huwezi kuuona mkazo kwa macho. Spoki iliyokazwa na ile iliyolegea kidogo hufanana kabisa. Lakini waweza kuusikia.

Jaribio la 3. Funga waya mwembamba au uzi wa kuvulia samaki kwenye msumari uliopigiliwa upande mmoja wa meza. Upitishe juu ya vijiti viwili vilivyolazwa mezani, mmoja huku na mwingine kule, kisha uning'inize ncha ya pili ukingoni mwa meza ikiwa na mfuko. Tia mawe mawili katika mfuko, uvute waya kidogo kwa kidole kati ya vijiti, kisha uuachilie. Sikiliza. Ongeza mawe mawili, upige tena. Endelea kuongeza. Kila mkazo unapoongezeka, sauti hupanda na kuwa nyembamba zaidi. Mawe yakipunguzwa, sauti hushuka na kuwa nene. Wapiga zeze wa Dodoma walijua jambo hili tangu kale: hukaza uzi mpaka sauti ikubaliane na sikio.

Sasa rudi kwenye baiskeli iliyogeuzwa. Piga spoki moja kwa ukucha, mahali palipo kati ya ringi na pale inapopishana na mwenzake. Nayo hulia. Piga spoki zote za upande wa kushoto tu, moja baada ya nyingine, kisha za upande wa kulia. Katika gurudumu zuri, sauti za upande mmoja hukaribiana. Katika gurudumu bovu utasikia moja ikilia ting!, jirani yake ikitoa mlio mzito kama wa bati, na ya tatu isilie kabisa.

Usilinganishe kushoto na kulia katika gurudumu la nyuma. Upande wenye meno ya cheni, kisahani cha habu huwa karibu zaidi na katikati, na kwa sababu hiyo spoki za upande huo mara nyingi hukazwa zaidi. Sauti zake zikiwa juu kidogo, si kasoro.

Mzigo unapokaa juu ya gurudumu

Tumefika kwenye swali letu la kwanza. Mpandaji anapoketi, uzito wake hufika kwenye habu. Habu nayo imeshikwa na spoki. Je, habu huning'inia kwenye spoki za juu kama ndoo kwenye kamba? Watu wengi husema ndivyo, hata baadhi ya mafundi. Fikiri kwanza na uandike jibu lako, kisha fanya jaribio.

Jaribio la 4. Simamisheni baiskeli kwa magurudumu yake. Wanafunzi wawili waishike imara isitembee. Mmoja apige spoki ya gurudumu la nyuma iliyoelekea chini kabisa, karibu na mahali tairi linapogusa ardhi, na akumbuke sauti yake. Mwalimu aketi sasa kwenye kiti cha baiskeli, miguu yake ikiwa imeinuliwa. Piga tena spoki ileile. Imeshuka sauti! Mwalimu ashuke. Sasa piga spoki iliyoelekea juu kabisa, kwanza bila mtu, kisha mwalimu akiwa amekaa. Sauti yake haibadiliki, au hubadilika kidogo mno hata sikio lisitambue.

Basi kinachotokea ni hiki. Mzigo huibonyeza ringi kidogo sana pale chini, kwenye ardhi. Spoki chache zilizo hapo hupata nafuu: mkazo wake hupungua. Spoki nyingine zote hubaki karibu kama zilivyokuwa. Kabla ya mzigo, spoki za chini zilikuwa zikiivuta habu kuelekea chini. Sasa huivuta kidogo zaidi ya hapo? La, huivuta kwa kani ndogo kuliko kwanza, huku zile za juu zikiendelea kuivuta juu kama zamani. Tofauti hiyo ndiyo inayoubeba mzigo.

Soma tena aya iliyopita, maana ni ngumu na si aibu kuisoma mara mbili. Waya hauwezi kusukuma, lakini waya uliokwisha kukazwa waweza kupunguza mvuto wake, na kupunguza mvuto kwa chini kwafanya kazi ileile ambayo nguzo ya mbao ingefanya kwa kusukuma. Ndiyo maana mkazo hapana budi uwekwe na fundi kabla ya mzigo kupakiwa. Spoki isiyo na mkazo haina cha kupunguza. Katika gurudumu lililolegea, spoki za chini huishiwa na mkazo mara tu mzigo unapokaa, nayo ringi huachwa peke yake kupigana na barabara.

Kwa nini spoki hukatika?

Chukua kipande cha waya, ukikunje na kukikunjua mara nyingi mahali pamoja. Baada ya mara kadhaa hukatika, ingawa hukutumia nguvu kubwa. Chuma huchoka kwa kukunjwa na kukunjuliwa.

Gurudumu linapozunguka, kila spoki hufika chini mara moja katika kila mzunguko. Kipenyo cha gurudumu kubwa la baiskeli, pamoja na tairi, ni sentimita 71 hivi. Mzingo wake ni:

71 × 22/7 = sentimita 223, yaani meta 2.23

Kwa hiyo katika mwendo wa kilometa 1 gurudumu huzunguka mara 450 hivi. Zahanati ikiwa umbali wa kilometa 10, kila spoki itapungua mkazo na kuupata tena mara 4,500 kabla mgonjwa hajafika.

Ikiwa mkazo ni wa kutosha, spoki hupungua kidogo tu huko chini, na shingo yake hubaki imekaa kwa nguvu katika tundu la habu bila kucheza. Ikiwa spoki imelegea, shingo huachia na kukamatwa tena kwa kishindo, mara 4,500, na kila mara hupinda kidogo palepale ilipokunjwa kiwandani. Siku moja hukatika, mara nyingi hapo shingoni. Isitoshe, mtikisiko wa njia huzizungusha nati zilizolegea, nazo hujifungua zaidi zenyewe. Mwenye baiskeli akiona spoki imekatika hudhani ilikuwa imekazwa mno. Mara nyingi kisa ni kinyume cha hivyo.

Spoki moja ikikatika, mvuto wa upande wake hukosekana mahali hapo, na ringi huvutwa upande wa pili. Gurudumu huanza kuyumba na kugusa breki. Jirani zake hubadilika mkazo. Mwenye baiskeli akiendelea kupakia mizigo bila kuitengeneza, huenda nyingine zikafuata, na gurudumu likapinda ghafla likawa na umbo la namba nane. Kama aliyekaa nyuma ni mama mjamzito au mtoto mwenye homa, kuanguka huko si jambo la kuchekesha.

Hata hivyo usidhani kwamba kukaza bila kikomo ni dawa. Spoki zikivuta kupita kiasi, ringi hupasuka kwenye matundu ya nati, au yenyewe hushindwa na kupinda hata bila mzigo mzito. Kila ringi ina kadiri yake.

Jinsi fundi anavyolinganisha mkazo

Nenda na wenzako kwa fundi baiskeli, mwombeni kwa adabu mtazame anapofanya kazi. Huenda mafundi wakatofautiana katika utaratibu, lakini msingi ni mmoja.

Kwanza fundi huhakikisha kwamba habu haichezi kwenye mhimili wake, kwa kuwa gurudumu lenye gololi zilizolegea haliwezi kunyooshwa. Hutia tone la mafuta kwenye hesi za spoki. Kisha huizungusha ringi polepole huku ameshika kipande cha chaki karibu nayo, mkono wake ukiegemea uma wa baiskeli usitikisike. Pale ringi inapopita karibu mno, chaki huacha alama.

Tuseme alama imetokea upande wa kulia. Maana yake ringi mahali hapo imeenda kulia. Kumbuka sasa kwamba spoki hupokezana. Zile zilizofungwa kwenye kisahani cha kushoto huivuta ringi kushoto, na zile za kulia huivuta kulia. Fundi hukaza spoki za kushoto zilizo kwenye alama kwa robo mzunguko, na kulegeza za kulia zilizo papo hapo kwa kiasi hichohicho. Fundi mvivu hukaza tu bila kulegeza. Ringi hunyooka ndiyo, lakini mahali hapo pote huvutwa kuelekea habu, na gurudumu lililokuwa likiyumba kushoto na kulia sasa huruka juu na chini.

Wanaoanza kazi hii hukosea upande wa kuzungusha nati. Jifikirie umekaa mahali pa tairi, ukiitazama habu. Kutoka hapo, kuzungusha nati kwa kufuata mwendo wa mshale wa saa ni kukaza. Ukiitazama nati kutoka upande wa habu, mambo hugeuka.

Ringi ikisha kunyooka, fundi asiyejua kazi hufunga vifaa vyake na kudai malipo. Fundi anayejua husikiliza. Ringi yaweza kunyooka huku spoki moja ikivuta sana na jirani yake ikivuta kidogo, mmoja akifanya kazi ya wawili. Macho hayatamwonyesha jambo hilo. Kwa hiyo hupiga spoki za upande mmoja kwa ukucha, na yenye sauti nene huikaza kidogo, na yenye sauti kali huilegeza kidogo, kisha hurudi tena kwenye chaki. Huenda akarudia mara nne au tano. Mwishoni hushika spoki mbilimbili zilizo sambamba na kuzibana kwa nguvu viganjani, ili shingo zikae sawasawa katika habu, halafu hutazama tena kama ringi imesogea.

Kipo chombo cha kupimia mkazo, chenye springi na mshale unaoonyesha tarakimu. Viwandani hutumiwa sana. Sikio laweza kutambua vizuri kama spoki mbili zimekazwa sawa, lakini haliwezi kusema kama zote kwa jumla zimekazwa vya kutosha. Kwa hilo fundi asiye na chombo huweka karibu gurudumu zuri la aina ileile, lenye spoki za urefu na unene uleule, na kulinganisha sauti za magurudumu mawili.

Tahadhari: usitie kidole kati ya spoki gurudumu linapozunguka. Usizungushe nati za baiskeli ya mtu bila ruhusa yake, hata robo mzunguko.

Maswali

1. Kwa nini spoki ya waya haiwezi kufanya kazi kama spoki ya mbao ya mkokoteni?

2. Gurudumu la mbele lina spoki 32. Ikiwa kila spoki huvuta kwa kani inayolingana na uzito wa kilo 65, jumla ya kani zinazoivuta ringi kuelekea ndani zalingana na uzito wa kilo ngapi?

3. Mtu mmoja alibadilisha spoki iliyokatika. Aliikaza mpya kwa nguvu zake zote, akaacha nyingine kama zilivyokuwa. Alipozungusha gurudumu liligusa breki ya kushoto. Spoki mpya ilifungwa kwenye kisahani cha upande gani? Eleza jinsi ulivyojua, kisha eleza afanye nini.

4. Mpandaji mwenye uzito mkubwa aliketi kwenye baiskeli. Spoki ya chini kabisa ya gurudumu la nyuma haikulia tena ilipopigwa, ilitoa mlio wa bati tu. Hali hiyo yakuonyesha nini? Je, ungemshauri apakie gunia?

5. Kipenyo cha gurudumu dogo la baiskeli ya mtoto ni sentimita 49. Tafuta mzingo wake. Katika safari ya kilometa 10, spoki zake hufika chini mara nyingi zaidi au mara chache zaidi kuliko zile za gurudumu kubwa?

6. Chora gurudumu lenye spoki. Weka alama X kwenye spoki ambazo mkazo wake hupungua mpandaji anapoketi.

7. Kazi ya nyumbani. Kwa ruhusa ya mwenye baiskeli, piga spoki zote za upande wa kushoto wa gurudumu la mbele. Andika J kwa sauti iliyo juu kuliko nyingine, C kwa iliyo chini, na S kwa zinazolingana. Ukikuta C mbili au zaidi zikifuatana, mwonyeshe mwenye baiskeli mahali zilipo, ili aipeleke kwa fundi kabla ya kupakia mzigo mwingine.